Mjumbe Akinyamaza

Mhadhara kuhusu adapta za mtandao na vituo vya mbali viwandani

Ndugu Mwenyekiti, walimu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliojaa mpaka mlangoni: itifaki imezingatiwa.

Nimeanza na maneno hayo ya kila mkutano kwa sababu nitayahitaji jioni hii. Tunapotamka “itifaki” tunakusudia utaratibu unaokubalika: nani atajwe kwanza, nani aseme, nani ajibu na kwa namna gani. Watu wa kompyuta walipotafuta jina la kanuni zinazofuatwa na mashine mbili ili zielewane, Kiswahili kiliwapa neno hilohilo, nalo likawaenea bila kukatwa wala kuongezwa. Mashine nazo zina wa kuanza kusema, wa kusikiliza, wa kujibu, na muda wa kungoja jibu. Nililokuja kulisema limo katika hilo la mwisho. Mwenzako aliyepaswa kukujibu asipojibu, utafanya nini?

Kiwandani, swali hilo lina kifaa chake. Kinaitwa adapta ya mtandao. Ni kijisanduku cha plastiki, aghalabu hakizidi kiganja, kinachokaa kwenye reli ndani ya paneli iliyo mbali na chumba cha udhibiti. Upande mmoja kimeungwa na kebo ya mtandao inayotoka kwenye PLC, kompyuta inayoziendesha mashine za kiwanda kwa programu. Upande wa pili kimepangana na moduli ambazo nyaya za sensa, vali na kontakta za kuwashia mota zinaingia humo. Ni mjumbe. Anachukua habari za huko aliko na kuzifikisha, anapokea amri na kuzitekeleza.

Hoja yangu ni moja. Mjumbe huyu ametupunguzia waya kwa kilomita nyingi, lakini ametuachia deni: kuamua mapema, kwa maandishi, kila kifaa kilicho chini yake kifanye nini siku atakapoacha kusikia au kusikika. Ni rahisi mno kumnunua mjumbe na kulisahau deni. Mimi nililisahau, na nitawaeleza lilivyolipwa.

Enzi ya waya mmoja kwa kila neno

Kabla ya miaka ya 1970, akili ya kiwanda ilikaa ndani ya rilei, swichi zinazofunguliwa na kufungwa kwa umeme. Ukitaka mkanda usianze kuzunguka mpaka king'ora kilie kwanza, uliunganisha rilei na taima. Ukibadili mawazo, ulifungua paneli ukahamisha waya. Mwaka 1968 kitengo cha Hydra-Matic cha General Motors nchini Marekani, kilichokuwa kikitengeneza gia otomatiki za magari, kilieleza kwa maandishi kifaa kilichokitaka kichukue nafasi ya rilei: kifaa ambacho kazi yake ingebadilishwa kwa kuandika programu mpya. Kampuni ndogo ya Bedford Associates, alimofanya kazi Dick Morley, ilijibu kwa mashine iliyoitwa Modicon 084, nayo ikaanza kazi mwaka 1969. Huyo ni mmoja wa mababu wa PLC zote mnazoziona leo.

PLC ilifyeka msitu wa rilei. Msitu wa waya ukabaki vilevile, kwa sababu kila sensa iliyoko uwandani bado ilihitaji waya wake kufika kwenye chumba cha PLC.

Chukueni kiwanda cha saruji, mfano wa vile vya Wazo Hill na Tanga. Mawe ya chokaa yanapondwa na kusagwa, unga unapandishwa mnarani, unaingia kwenye tanuru refu linalozunguka ambamo malighafi hupata joto la nyuzi zipatazo 1,450 za Selsiasi, klinka inatoka na kupoozwa, inasagwa tena, inapelekwa silo, halafu mifukoni. Kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia hiyo ni mwendo wa miguu wa kutosha kumtoa mtu jasho. Tuseme juu ya silo moja, mita 300 kutoka chumba cha PLC, kuna pointi 64: swichi za mwisho wa mwendo, vipima kina, vali za hewa, taa na kengele. Kila pointi ikipewa jozi yake ya waya, mmeshatandaza mita 19,200 za jozi, yaani zaidi ya kilomita 19, kwa ajili ya silo moja. Kila jozi ina ncha nne. Hizo ni ncha 256 za kumenya, kuvisha lebo na kukaza kwa bisibisi, na bado hatujahesabu masanduku ya kati. Ncha moja ikilegea, fundi anaitafuta kati ya 256.

Hata hivyo wazee wa enzi hiyo walikuwa na hekima ambayo sisi wa mitandao tunaweza kuipoteza bila kujua. Waliupa ukimya maana.

Tazameni kitufe chekundu cha kusimamisha mashine kwa dharura. Mtu asiyejua atadhani ukikibonyeza kinapeleka umeme wa amri ya “simama”. Ni kinyume chake. Umeme unapita humo muda wote mashine inapofanya kazi, na kukibonyeza ni kuukata. Kwa hiyo panya akitafuna waya, au mvua ikiozesha kiungo, mashine inasimama kana kwamba kitufe kimebonyezwa. Waya uliokufa unasema “simama”.

Tazameni pia vipimo vya analogi. Joto, shinikizo na kina hupelekwa kama mkondo wa umeme wa kati ya miliampia 4 na 20. Kwa nini sifuri ya kipimo iwe miliampia 4, na isiwe sifuri yenyewe? Mojawapo ya sababu ni hii: silo ikiwa tupu, kipima kina kinatuma 4. Waya ukikatika, inafika 0. Mhandisi aliyekaa chumbani aliweza kutofautisha “hakuna kitu ndani ya silo” na “hakuna mtu wa kunijibu”. Nataka mlibebe jambo hilo mpaka mwisho wa mhadhara. Tupu ni habari. Ukimya ni habari nyingine.

Mjumbe anafanya nini

Wazo la kituo cha mbali ni hili: badala ya kuzipeleka pointi 64 hadi kwa PLC, iletwe sehemu ya PLC karibu na pointi 64. Paneli ndogo inafungwa pale pale chini ya silo. Ndani yake kuna reli ya chuma ya milimita 35, na juu ya reli zinapangwa moduli, moja ya ishara za kuingia, nyingine ya amri za kutoka, nyingine ya analogi, kwa idadi inayohitajika. Mwanzoni mwa safu inakaa adapta. Nyaya za uwandani zinakuwa za mita tano au kumi. Kutoka hapo kwenda kwa PLC inabaki kebo moja ya mawasiliano.

Adapta inazungumza na watu wawili kwa lugha mbili. Kwa moduli zilizo kando yake inatumia njia ya ndani inayopita ubavuni, kutoka moduli hadi moduli. Inazisoma moja baada ya nyingine na kujaza jedwali dogo la kumbukumbu: swichi ya kwanza imefungwa, biti ni 1, ya pili iko wazi, biti ni 0, kina cha silo ni namba fulani iliyochukua baiti mbili. Kisha inalifunga jedwali lote katika ujumbe mmoja, inaandika anwani juu yake, inautuma. PLC nayo inatuma ujumbe wa upande wa pili: washa hii, zima ile, fungua vali hadi asilimia 40. Adapta inaufungua na kugawa kila amri kwa moduli yake. Mzunguko huo unarudiwa kila baada ya milisekunde chache, mchana na usiku, Sikukuu na siku ya kazi.

Hapo ndipo jambo linapobadilika kimya kimya. Zamani kila ishara ilikuwa na njia yake, na njia ikikatika ilikufa ishara moja. Sasa ishara 64 zinasafiri katika bahasha moja. Kebo ikikatika zinakufa zote 64 kwa mpigo. Na kubwa zaidi: ndani ya bahasha hamna miliampia. Mna namba. Namba iliyofika dakika kumi zilizopita inafanana kabisa na iliyofika sasa hivi. Waya wa shaba ukifa, mkondo unashuka hadi sifuri kwa sheria ya maumbile, hakuna haja ya kuuamuru. Namba iliyokaa kwenye kumbukumbu haishuki. Inabaki ilivyo mpaka mtu aamue vinginevyo.

Lugha nyingi, swali moja

Wajumbe hawa hawakuzaliwa wakizungumza lugha moja. Kampuni ya Modicon ilitoa Modbus mwaka 1979, itifaki nyepesi ambayo bado iko kazini katika mita za umeme, pampu na jenereta. Nchini Ujerumani mradi wa PROFIBUS ulianza mwaka 1987, na aina yake iliyokusudiwa hasa vituo vya mbali, PROFIBUS DP, ikafuata mwaka 1993. Marekani ikaleta DeviceNet mwaka 1994, iliyojengwa juu ya CAN, mfumo ambao Bosch iliubuni kwa ajili ya magari. Kila kundi lilitaka lugha yake iwe ya dunia nzima. Waliokuwa wakiandaa kiwango cha kimataifa, IEC 61158, walibishana miaka mingi, na mwishowe suluhu ikawa kuzikubali aina nane kwa pamoja ndani ya kiwango kimoja. Ndiyo maana mpaka leo fundi anayenunua moduli sharti aulize kwanza: adapta yake inasema lugha gani?

Halafu ikaja Etheneti. Robert Metcalfe na David Boggs waliijenga Xerox PARC, California, mwaka 1973, kwa ajili ya kompyuta za ofisini. Watu wa viwandani waliiogopa kwa muda mrefu, na walikuwa na sababu: katika Etheneti ya kwanza vifaa viwili viliweza kuanza kusema kwa pamoja, ujumbe ukagongana, kila kimoja kikangoja muda usiotabirika kabla ya kurudia. Barua ya ofisini ikichelewa kidogo hakuna anayeumia. Vali ikichelewa, pengine yupo. Zilipoingia swichi za mtandao zinazompa kila mmoja njia yake ya kwenda na ya kurudi, kugongana kukaisha, na mlango ukafunguka kwa lugha za EtherNet/IP, PROFINET na EtherCAT. Hii ya mwisho, iliyoletwa na Beckhoff mwaka 2003, ina namna yake ya kupendeza. Ujumbe mmoja unapita katika vifaa vyote kama kapu la michango ukumbini: linapita mkono kwa mkono, kila aliyeketi anachukua karatasi yenye jina lake na kuweka cha kwake, na kapu halisimami kwa yeyote.

Lugha zinatofautiana pia katika masharti ya mwili. PROFIBUS, kwa kebo yake ya zambarau, inaweza kufika mita 1,200 katika kipande kimoja mkikubali mwendo wa kobe wa kilobiti 93.75 kwa sekunde. Mkitaka megabiti 12, mmebakiwa na mita 100. Kila ncha ya kipande ina rizista ya kumalizia, inayowashwa kwa kiswichi kidogo kwenye plagi. Mtu akikiwasha kiswichi hicho kwenye plagi ya katikati, vifaa vyote vilivyo mbele yake vinatoweka, na fundi anaweza kushinda siku nzima akilaumu adapta ambazo ni nzima kabisa. Etheneti ya shaba nayo inaishia mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Kwa silo yetu ya mita 300 mtalaza faiba.

Lakini ukiziweka lugha zote mezani, zote zinakuja na swali lilelile nililoanza nalo. Asipojibu, ufanye nini? Kila mtengenezaji ameacha mahali pa kuandika jibu. Jibu ni letu.

Usiku wa asilimia 62

Nilikuwa fundi kijana, katika kiwanda ambacho sitakitaja. Zamu ya usiku. Kulikuwa na hopa iliyopokea mawe kutoka mkanda mrefu, na chini ya hopa kulikuwa na paneli yenye adapta. Adapta hiyohiyo ilisoma kina cha mawe ndani ya hopa na kubeba amri ya kuwasha au kuzima mota ya mkanda. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya skrini. Hopa ikifika asilimia 85, programu ingezima mkanda yenyewe.

Skrini ilisema 62. Nikaandika kwenye daftari la zamu: hopa 62. Baada ya nusu saa nikaandika tena: 62. Nilifurahi kuona kiwanda kimetulia. Saa nane usiku simu ya ndani ikalia. Alikuwa mlinzi. Akasema kwa utaratibu, kama mtu asiye na hakika kama jambo linamhusu: “Samahani, mkubwa, haya mawe huku nje ndiyo mnavyotaka yawe?”

Nilikimbia na tochi. Hopa ilikuwa imejaa ikafurika, mawe yamefunika ngazi, yamefunika paneli nusu, na mkanda ulikuwa bado unazunguka na kumwaga mengine. Niliuzima kwa kuvuta kamba ya dharura iliyo kandokando ya mkanda. Namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa kwenye ngazi. Tulifukua kwa sepetu mpaka jua likachomoza.

Chanzo tulikipata asubuhi. Plagi ya kebo ya mtandao ina kilimi cha plastiki kinachoishikilia isichomoke. Hakizidi ukucha wa kidole kidogo. Kilimi kilikuwa kimevunjika. Mtikisiko wa mkanda uliisogeza plagi taratibu mpaka ikatoka milimita chache, na hizo zilitosha.

Fundi mkuu wetu, mzee aliyeanza kazi enzi za rilei, alifika saa moja.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku.” Akaikagua plagi, akaiweka chini. “Plagi itachomoka tena, kama si hii nyingine. Niambie: mliiambia ifanye nini?”

“Tumwambie nani, mzee?”

“Adapta. Siku isiposikia sauti yenu, mliiambia ifanye nini?”

Tukafungua mipangilio kwenye laptopu. Kwa kila amri ya kutoka kulikuwa na machaguo matatu, na kwenye mota ya mkanda palikuwa pameandikwa: shikilia hali ya mwisho. Mota ilikuwa ikizunguka mawasiliano yalipokatika, basi ikaendelea kuzunguka, ikitii amri ya mwisho kwa uaminifu wote. Hakuna kati yetu aliyelichagua neno hilo. Lilinakiliwa pamoja na faili kutoka mradi mwingine. Na ile 62 kwenye skrini ilikuwa namba ya mwisho iliyofika kabla ya plagi kutoka. Programu iliiamini, nami nikaiamini, tukaiandika kwenye daftari kwa wino.

Majibu matatu

Adapta nyingi zinatoa majibu matatu kwa kila amri ya kutoka: zima, shikilia ilivyo, au nenda kwenye thamani iliyopangwa. Vijana huniuliza lipi ni salama. Hakuna lililo salama peke yake. Usalama umo katika mashine inayoamriwa.

Mkanda wa kupeleka mawe: zima. Hita: zima. Mlango wa chini wa silo: ufungwe. Hayo ni mepesi. Lakini pampu inayopoza beringi za mashine kubwa, ukiizima huku mashine ikizunguka, umeua beringi. Na tanuru la saruji ndilo darasa lenyewe. Tanuru likiwa na moto halifai kusimama tu. Likisimama, joto linakaa upande mmoja, na gamba lake la chuma, lenye uzito mkubwa, linapinda. Kwa sababu hiyo matanuru hufungwa mota ya akiba ya kuyazungusha polepole umeme mkubwa unapokatika. Aliyeandika “zima” kila mahali kwa kudhani kuzima ndiyo busara hajawahi kusimama kando ya tanuru.

Jibu lina pia saa yake. Tuseme ujumbe unatumwa kila milisekunde 20, na adapta imeambiwa ingoje mara nne ya muda huo kabla ya kukubali kwamba mwenzake amenyamaza. Hizo ni milisekunde 80. Mkanda unaokwenda mita moja na nusu kwa sekunde utakuwa umesogea sentimita 12 kabla adapta haijaanza kufanya lolote. Kwa mawe, si kitu. Kwa mkono wa mtu, ni mkono mzima. Ndiyo maana kamba ya dharura na kitufe chekundu havipitishwi kwenye adapta ya kawaida kama ishara nyingine. Vinapewa waya wake, au itifaki maalumu za usalama kama PROFIsafe na CIP Safety, ambazo kila ujumbe wake una alama za kuthibitisha kuwa haukuharibika, haukuchelewa, wala haukupotea njia. Ujumbe ukikosa alama mojawapo, mpokeaji anakwenda kwenye hali salama.

Upande wa ishara zinazoingia, jibu linaandikwa kwenye programu ya PLC. Karibu kila mfumo una biti inayosema kama mawasiliano na adapta yapo au yamekatika. Iulizeni biti hiyo kabla ya kuiamini namba. Ikisema yamekatika, skrini ibadilike rangi, namba ifutwe, kengele ilie. Mwendeshaji ana haki ya kujua kwamba anayoyaona ni ya jana.

Haki hiyo inaweza pia kuporwa kwa makusudi. Mwaka 2010 iligunduliwa programu hasidi iliyoitwa Stuxnet. Ilitafuta PLC zilizoungwa kwa PROFIBUS na vifaa vinavyotawala mwendo wa mota, ikabadili mwendo huo, huku waliokuwa mbele ya skrini wakioneshwa kwamba mambo ni ya kawaida. Ilizilenga mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Itifaki ya Modbus nayo, jinsi ilivyozaliwa mwaka 1979, haina nywila: kila anayefika kwenye mtandao anasikilizwa. Basi mtandao wa mashine usichanganywe na mtandao wa ofisi, na mlango ulio kati yao uwe na mlinzi.

Umeme ukirudi

Kwetu umeme hukatika, na ukirudi hurudi kwa kishindo. Hapo adapta ina mitihani miwili zaidi.

Wa kwanza ni jina. Adapta nyingi za Etheneti zinaweza kuwekwa ziombe anwani zake kwa kompyuta fulani kila zinapowashwa. Siku ya kukabidhi mradi, kompyuta hiyo ni laptopu ya mkandarasi, na kila kitu kinakwenda vizuri. Mkandarasi anaaga. Miezi mitatu baadaye umeme unakatika na kurudi, adapta inaamka na kuomba jina, hakuna wa kumpa. Taa zinapepesa, kiwanda kimesimama. Dawa yake ni kuiandika anwani ndani ya adapta yenyewe. Nyingine zina viduara vitatu usoni, vya tarakimu 0 hadi 9, vinavyozungushwa kwa bisibisi ndogo. Zungusheni, halafu andikeni namba hiyo kwa wino usiofutika kwenye mlango wa paneli.

Wa pili ni kuamka. Mawasiliano yakirudi, mota isijirudishe yenyewe. Ingoje mtu abonyeze kitufe, kwa sababu huenda fundi ameingiza mikono mle ndani kuangalia kwa nini ilisimama.

Jifunzeni pia kuzisoma taa. Kwenye EtherNet/IP taa ya mtandao ikiwa kijani tulivu, kuna mazungumzo. Kijani inayopepesa: jina ninalo, lakini hakuna anayezungumza nami. Nyekundu inayopepesa: tulikuwa tukizungumza, mwenzangu amenyamaza. Nyekundu tulivu: kuna mwingine mwenye jina langu. Fundi anayezijua nne hizo amepunguza nusu ya safari zake. Lakini kijani isiwalevye. Adapta mara nyingi ina umeme wake wa volti 24, na vali zina volti 24 za kwao. Fyuzi ya vali ikiungua, mjumbe ataendelea kupokea amri na kujibu “nimepata”, huku vali haijasogea. Amri muhimu iwe na ushahidi wa kurudi: swichi inayosema vali imefunguka kweli.

Daftari la ukimya

Namalizia na ombi, kwa ninyi hasa mtakaoajiriwa karibuni. Kila adapta mtakayoifunga, ifungulieni ukurasa katika daftari. Andikeni amri zake zote za kutoka, moja moja, na mbele ya kila moja jibu: ukimya ukitokea, hii ifanye nini, na kwa nini. Ukurasa huo usijazwe na mwandika programu peke yake. Akae na mwendeshaji anayeijua mashine kwa harufu na sauti, na fundi anayezijua nyaya. Wote watatu watie saini. Kazi hiyo ni ya saa mbili kwa paneli. Kufukua hopa kulitugharimu usiku mzima, tena siku ya bahati.

Kisha jaribuni. Siku ya kuwasha mtambo, mbele ya mwenye mali, kabla ya hotuba na soda, chomoeni kebo kwa mkono. Wengi huogopa kufanya hivyo kwa sababu kila kitu kinakwenda vizuri na hakuna anayetaka kukiharibu. Lakini plagi itakuja kuchomoka. Ni afadhali ichomoke mchana, mikononi mwenu, mkiwa mmesimama mnatazama.

Mzee yule alinifundisha kuifanya kazi hiyo kimwili. Hakuniruhusu kuangalia skrini. Nilisimama kando ya paneli, nikabana kilimi cha plagi kwa kidole gumba, nikavuta. Akaniambia nifumbe macho nisikilize. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilidhani wanaonya tu juu ya watu. Nilihesabu pumzi moja. Kontakta ya mkanda ikaachia kwa kishindo kifupi cha chuma, mkanda ukapunguza mwendo, ukasimama, na pampu ya kupoza, ile tuliyoiandikia iendelee, ikaendelea kuunguruma peke yake.

“Sasa,” akasema, “nenda ukaandike.”